Mama Nukta na Hedifoni za Bei Mbaya

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Nukta alikula kwa masikio yake. Wengine hula kwa jasho, wengine kwa domo. Yeye alilipwa kusikiliza watu wakigombana na kuyaandika maneno yao kama yalivyotoka, bila kuongeza chumvi wala kupunguza pilipili. Alikuwa mchapaji katika Baraza la Mashauri ya Nyumba, mahali ambapo wenye nyumba na wapangaji hupelekana wakishachoka kutukanana bure. Shauri husikilizwa chini, kinasa sauti hunasa, kisha sauti hupanda ghorofa ya pili kwake. Yeye huvaa hedifoni, huweka mguu juu ya pedali ya kusimamisha na kurudisha, na kuchapa.

Jina hilo walimpa wenzake, kwa kuwa hakujua kuacha sentensi njiani. Hata akigombana, alikwenda mpaka mwisho, akaweka nukta, ndipo akakuachia zamu yako.

Hedifoni zake zilikuwa za bei ya soksi. Sponji la upande wa kulia lilikwisha kubanduka zamani, akalishonea kitambaa cha shati kuukuu la mumewe. Waya ulikuwa na plasta mahali patatu, kama mtoto mtundu. Upande wa kushoto ulitoa sauti. Wa kulia ulitoa ukipenda. Lakini Mama Nukta alikwisha kuzizoea kama mtu anavyomzoea mke mwenza: hakutarajia makubwa, na hakushtuliwa na madogo. Penye maneno aliandika maneno. Pasipo na maneno aliandika kwenye mabano: (Shahidi ananyamaza.) Mabano hayo aliyaonea fahari. Wachapaji wengi, alisema, huruka kimya kama wanavyoruka dimbwi, ilhali kimya nacho ni jibu.

Mumewe alikuwa seremala, na msumeno wa umeme ulikwisha kumla masikio. Kwa hesabu ya haraka, nyumba yao ilikuwa na watu wawili na masikio mawili, yote ya mke.

Basi akaja Mkuu wa Utawala mpya.

Huyu alikuwa msikilizaji wa aina ya pekee, maana yeye alisikia kwa pochi. Nyumbani kwake, walisema waliowahi kukaribishwa, palikuwa na spika mbili ndefu kama kabati za nguo, na mbele yake kiti kimoja tu. Kiti hicho kiliwekwa mahali ambapo, kwa maelezo yake, sauti ya kulia na ya kushoto hukutana. Mkewe na watoto walisikilizia jikoni, ambako sauti haikukutana na mtu. Waya wa kwenda kwenye spika ulikuwa mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, na haukulala sakafuni hata kidogo. Aliuinua juu ya vigingi vya mti mgumu, umeme usije ukashikwa na baridi. Mgeni akiulizwa kama anasikia tofauti, alisikia. Nani atasema hasikii, naye amekwisha kuambiwa bei?

Wiki yake ya kwanza kazini alizivaa hedifoni za Mama Nukta, akafumba macho, akazivua kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

"Sauti hii haina mwili," alisema.

"Mkuu, mimi naandika maneno," Mama Nukta akamjibu. "Miili yao wanaibeba wenyewe."

Watu wa chumba kile walicheka kidogo, kisha wakaacha, maana Mkuu hakucheka. Miezi miwili baadaye vifaa vipya viliingia. Vilikuwa kinasa sauti chenye taa nyingi kuliko duka la dawa, maikrofoni nne zenye shingo ndefu za korongo, na hedifoni jozi moja ndani ya kisanduku cha mahameli, zimelazwa kama pete ya uchumba. Moja tu, kwa sababu bei yake, alisema Mkuu, haikuruhusu ya pili. Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu asemaye kuwa mwanawe ni mrefu hata mlango haumtoshi.

Kisha akatangaza shindano. Ofisi haikuhitaji tena wachapaji wawili. Shauri moja lingenaswa kwa njia zote mbili: kwa ile maikrofoni moja ya zamani iliyosimama juu ya meza ya karani, na kwa korongo wanne wapya. Mama Nukta angechapa kutoka kwenye sauti ya zamani, mwenzake kutoka kwenye mpya. Atakayeandika vizuri angebaki ghorofa ya pili. Mwingine angeshuka chini ya jengo, kwenye ghala la mafaili, kutunza makaratasi ya watu waliokwisha kuhama, kushinda, kushindwa au kufa.

Mama Nukta hakuogopa vumbi. Aliogopa kwamba mafaili hayasemi. Bado miaka mitatu astaafu, na tangu watoto waolewe na kuoa, maneno mengi aliyoyasikia kwa siku yaliingilia kwenye zile hedifoni za plasta. Nyumbani alikuwa na mume ambaye ukimwambia chakula tayari hukujibu kwamba msumari upo kwenye kopo.

Mwenzake aliitwa Bwana Vyeti. Alikuwa na cheti cha kila kitu: cha uchapaji, cha kompyuta, cha huduma ya kwanza, hata cha kupanda na kushuka ngazi kwa usalama. Vyote alivitia plastiki akavitundika ukutani nyuma ya kiti chake, hata ukimtazama ulidhani yuko dukani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kufanya alichoambiwa, na juu ya vyeti vile palikuwa na kanuni ya ofisi, iliyobandikwa tangu enzi za mkuu wa kwanza: Andika unachosikia.

Shauri lenyewe lilikuwa dogo. Mwanamke mmoja afuaye nguo za watu, kifua chembamba na mikono iliyochujuka kwa sabuni, alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja katika chumba cha nyuma cha nyumba fulani. Mwenye nyumba alitaka chumba. Alidai mama huyo alikubali mwenyewe kuhama, mbele yake na mbele ya mkewe. Ikiwa alikubali, ahame. Ikiwa hakukubali, abaki. Shauri zima lilisimama juu ya neno hilo moja kama meza ya mguu mmoja.

Mama Nukta alichapa kurasa kumi na tisa. Bwana Vyeti alichapa thelathini na tatu.

Alhamisi asubuhi waliitwa kwa Mwenyekiti wa Baraza, mzee mnene mwenye sauti ya kupendeza, aliyejulikana kwa kusikiliza mashauri macho yakiwa yamefumbwa. Mkuu wa Utawala alizipima karatasi mkononi kama muuza nyama. Alisema kurasa kumi na nne za ziada ndizo hizo walizokuwa wakizipoteza miaka yote. Alisema sauti nzuri hufunua. Alisema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba mtu akizivaa hedifoni hizi anajikuta amekaa ndani ya chumba cha shauri, kati ya watu, na anaweza kunyoosha mkono akamgusa kila mmoja.

Mwenyekiti alivaa miwani, akaanza kusoma, akitabasamu. Ukurasa wa tatu aliacha kutabasamu.

Zile maikrofoni nne, ambazo moja ilisimama mbele ya Mwenyekiti mwenyewe, zilikuwa zimefanya kazi ya bei yake. Na Bwana Vyeti, mtu wa kanuni, alikuwa ameandika alichosikia. Ukurasa wa tatu ulisema: MWENYEKITI (kwa sauti ya chini): Huyu wakili akisimama tu, usingizi unanijia. Ukurasa wa tisa: KARANI anaimba polepole, maneno hayasikiki vizuri. Ukurasa wa kumi na mbili: (Tumbo la Mheshimiwa Mwenyekiti linanguruma, sekunde nne.) Na ukurasa wa kumi na saba: MWENYEKITI (kwa sauti ya chini): Kawaambie jikoni leo wasinibakizie shingo ya kuku. Jana walinipa shingo.

Chumba kilinyamaza, kimya cha kuwekwa kwenye mabano.

"Bwana," Mwenyekiti akamwambia Vyeti, "tumbo langu ni upande gani katika shauri hili? Mdai au mdaiwa?"

Bwana Vyeti alijibu kwa heshima kwamba kanuni haikutaja matumbo, kwa hiyo hakuona ruhusa ya kuyaacha.

Mwenyekiti alichukua zile kurasa kumi na tisa za Mama Nukta, akazisoma hadi mwisho, na uso wake ukarudi mahali pake. Humo yeye alisema mambo ya maana tu. Alitangaza kwamba huo ndio uandishi, na ndio utakaosomwa mbele ya wahusika kesho saa nne. Ule mwingine uchanwe. Sauti ya vifaa vipya sheria haikumruhusu kuifuta kabla shauri halijaisha, akaagiza ifungiwe. Jumatatu, Bwana Vyeti ashuke ghalani.

Kuhusu ubora wa vifaa, Mwenyekiti alisema hana shaka nao hata kidogo, na kwamba hiyo ndiyo kasoro yake.

Mama Nukta alipanda ngazi kama msichana. Akakaa kwenye kiti chake, akazipapasa hedifoni zake za plasta. Za bei ya soksi zilikuwa zimeshinda pete ya uchumba. Alijiambia siku zote alijua: sikio ni la mtu, hedifoni ni kifuniko tu. Alikuwa akitafuta namna ya kuliweka jambo hilo vizuri, ili Mkuu akipita alisikie, Bwana Vyeti alipoanza kushusha vyeti vyake ukutani, kimoja kimoja, akivifuta vumbi kwa kiganja.

Alipofika kwenye kile cha ngazi alisimama.

"Mama, hujaweka sahihi bado?"

"Bado. Naweka kesho kabla ya kusoma. Kwani?"

"Usisome nilichoandika, kimechanwa. Vaa hizi, usikilize. Ni pale pale kwenye shingo."

Mama Nukta alidhani ni uchungu wa aliyeshindwa. Lakini sauti ilikuwa bado kwenye kompyuta ya mwenzake hadi jioni, na kisanduku cha mahameli kilikuwa wazi. Akazivaa.

Lazima isemwe, ingawa inauma: zilikuwa nzuri. Zilikaa kichwani kwa upole kama viganja vya mama anayempima mtoto homa. Alisikia benchi la mbao likilia. Alisikia kalamu ya wakili ikigonga jino. Alisikia mate ya yule mfua nguo yakimezwa, na akageuza shingo, maana ilikuwa kana kwamba mama huyo amekaa upande wake wa kushoto. Wakili wa mwenye nyumba akauliza, kwa sauti ya kupanda jukwaani: "Je, ulikubali mwenyewe kuhama, ndiyo au hapana?" Upande wa kulia Mwenyekiti akaanza habari za shingo. Na kushoto, chini kabisa, sauti iliyochujuka kama ile mikono ilisema: "Sikukubali. Niliogopa tu."

Mama Nukta alikanyaga pedali, akarudisha. Sikukubali. Niliogopa tu. Akarudisha tena.

Kisha akahamia kwenye mashine yake, akavaa zake za plasta, akafungua sauti ya zamani mahali palepale, akaipandisha hadi mwisho. Palikuwa na kitu, kama kucha ikikwaruza nguo. Alikuwa amekisikia wiki iliyopita, akadhani ni kiti. Na kwenye ukurasa wake wa kumi na moja, safi, bila kosa hata la herufi, alikuwa ameandika: (Shahidi ananyamaza.)

Jioni alimkuta mumewe karakanani anapiga randa. Hili si jambo la kulipazia sauti, na mumewe hakusikia la kunong'onwa. Kumwambia siri mzee huyo ilikuwa ni sawa na kuitangaza mtaani. Akaichomoa penseli kutoka nyuma ya sikio la mume, akaandika yote juu ya ubao uliokwisha kupigwa randa: Vyeti, Mwenyekiti, yule mama, ghala. Ubao wa kabati la mtu ukajaa pande zote mbili.

Mzee alisoma polepole, akigeuza ubao.

"Sasa wewe," akauliza kwa sauti iliyowafikia majirani, "umesikia au hukusikia?"

Mama Nukta aliinamisha kichwa: amesikia.

"Basi," akasema mzee, na akaanza kuufuta ubao kwa randa, kabla mwenye kabati hajafika.

Ijumaa saa mbili alikuwa mlangoni kwa Mwenyekiti, ukurasa wa kumi na moja mkononi, umechapwa upya. Mwenyekiti alimpokea kwa furaha, akamwita nguzo ya baraza. Alipousoma ukurasa aliuweka mezani na kuufunika kwa kiganja. Maneno yale, alisema, maikrofoni ya zamani haikuyasikia. Yeye mwenyewe aliyekuwepo hakuyasikia. Mama Nukta hakumkumbusha alikuwa akiongea nini. Aliukazia macho tu mguu wa meza, na Mwenyekiti akajikumbusha.

"Mama, umeshinda," alisema, sauti imeshuka. "Umeona wapi mtu anagombana na ushindi wake?"

"Mimi nimeshinda, Mheshimiwa. Yule mama anatolewa chumbani mwake."

"Vifaa vyako havikusikia. Si kosa."

"Kutosikia ni kwangu, Mheshimiwa. Kunyamaza ndiko nilikomwandikia yeye. Nimempa mtu mzigo usio wake, nikautia na mabano."

Mwenyekiti alimweleza, kwa upole wa mtu anayefunga mlango, kwamba maneno hayo yakiingia ni lazima iandikwe yametoka wapi, na yakiandikwa yametoka wapi, kuna watu watataka kusikiliza. Alisema sahihi ni yake Mama Nukta, hakuna atakayemshika mkono. Lakini chini ya jengo pana nafasi ya mtu mmoja, na bado haijatajwa kwa maandishi ni nani.

Mama Nukta alisema anajua. Akaweka nukta. Akatoka.

Saa nne walikaa wote: mwenye nyumba na wakili wake, yule mama kwenye ncha ya benchi kama mtu aliyeazimwa nafasi, Mkuu wa Utawala nyuma kabisa. Desturi ya baraza ni mchapaji kusoma mwenyewe, na kila upande kutia alama kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alisoma kurasa kumi kwa sauti iliyonyooka kama iliyopigwa pasi. Kwenye ukurasa wa kumi na moja alisoma swali la wakili, akavuta pumzi, akasoma: "Shahidi, kwa sauti ya chini: Sikukubali. Niliogopa tu. Maneno haya yametoka kwenye kinasa sauti kipya."

Yule mfua nguo aliinua kichwa. Hakulia. Alimtazama Mama Nukta kama mtu aliyeitwa jina lake kati ya watu asiowajua.

Wakili alisimama papo hapo. Alisema alikuwa hatua tatu kutoka kwa shahidi, na hakusikia neno. Alisema hili ni jambo zito. Aliomba sauti hiyo ya kinasa kipya iletwe, ichezwe hapa, mbele ya wote, kwenye spika, tangu mwanzo hadi mwisho.

Huko nyuma Mkuu wa Utawala aliinuka nusu, uso umemng'aa; hatimaye mtu mwenye masikio. Alikwisha kuanza kutazama pembe za chumba, akitafuta mahali sauti zitakapokutana.

"Haitakuwa lazima," alisema Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, kwa haki ya mteja wangu, ukurasa huo wote, kabla na baada ya..."

"Wakili. Mama huyu anasikiliza katika baraza hili tangu wewe unafundishwa kufunga kamba za viatu. Akisema amesikia, amesikia. Baraza linamwamini kuliko mashine yoyote."

"Lakini Mheshimiwa mwenyewe alikuwepo. Je, Mheshimiwa alisikia?"

Mwenyekiti alifumba macho kidogo, kwa mazoea.

"Nilisikia," alisema. "Keti."

Hivyo neno likabaki mahali pake, likapigwa mhuri, na wiki iliyofuata chumba cha nyuma kikabaki kwa yule mfua nguo. Mwenyekiti alisifiwa kwa usikivu wake.

Jumatatu zilitoka barua mbili. Ya kwanza, iliyoandikwa na Mkuu wa Utawala, ilisema kwamba vifaa vipya vimeonekana kuwa na ubora uliozidi mahitaji ya ofisi, na kwamba vitahifadhiwa ghalani hadi mahitaji yatakapokua. Ya pili ilimshukuru Mama Nukta kwa utumishi wake na kumtakia kazi njema hukohuko. Bwana Vyeti alibaki juu. Aliachiwa hedifoni za plasta, na alipozivaa mara ya kwanza aliuliza kama kuna mafunzo yake.

Ghala lilikuwa na taa moja, rafu za chuma hadi darini, na sanduku kwa sanduku la kanda alizozichapa mwenyewe miaka yote. Hakuna aliyemwambia afanye nini humo, na hilo lilikuwa kosa la ofisi. Siku ya pili alikitoa kisanduku cha mahameli kwenye rafu ya vifaa vilivyozidi ubora. Hakuna aliyevihitaji, kwa hiyo hakuna aliyemkataza. Akatafuta mashine ya kanda, akaifuta utando wa buibui, akaanza na mwaka wake wa kwanza, nakala mkononi, akitafuta mahali penye mabano.

La kwanza alilipata siku ya nne. Mpangaji, mwanamume, aliulizwa kwa nini alivunja dirisha. (Shahidi ananyamaza.) Mama Nukta aliusogeza mguu kwenye pedali, akasikiliza. Akarudisha. Akasikiliza mara sita, macho ameyafumba, kwa hedifoni bora kuliko zote zilizowahi kuingia jengo lile.

Mtu yule hakusema kitu. Alivuta pumzi, akaishika muda mrefu, akaiachia kupitia puani, kama mtu anayeweka chini ndoo iliyojaa, asimwage. Alinyamaza kweli, tena alinyamaza vizuri.

Mama Nukta alitia alama ya vema pembeni kwa penseli, akageuza ukurasa.